Simu za ng'ambo kwa intaneti: Bei ya dakika si kipimo pekee

KUANZIA Ukunda na Diani hadi Gazi, Msambweni na Lunga Lunga, nyumba isiyo na mtu wake ng'ambo ni nadra kupatikana. Kuna mabinti walioajiriwa kazi za nyumbani Saudi Arabia, Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Kuna walioa au kuolewa na wageni waliokuja kupunga hewa ufuoni, kisha wakahamia Ujerumani, Uswisi au Italia. Wapo pia wafanyakazi wa hoteli ambao msimu wa wageni ukiisha hubaki na nambari za marafiki wa mbali, na matumaini ya kupata kazi au msaada.

Kwa nyumba hizo, simu ya kimataifa si anasa. Ndiyo inayoleta habari za mshahara uliokwama, za mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, au za mzee aliyelazwa katika hospitali ya rufaa ya Msambweni huku matibabu yake yakisubiri fedha. Ndiyo maana matangazo ya simu za intaneti za bei nafuu huwavutia wengi. Takriban yote hutaja jambo moja kwa herufi kubwa, nalo ni bei ya dakika.

Bei hiyo ina maana, lakini haifai kuwa swali la kwanza. Swali linalostahili kutangulia ni hili: simu itapokewa kwa kifaa gani, mahali gani, na ni nani atakayelipia upande wa pili?

Huduma iliyowahi kuwa haramu

Wenye umri wa kukumbuka wanajua kwamba kupiga simu kwa intaneti kuliwahi kuwa kosa nchini. Shirika la Posta na Simu, KPTC, lilipogawanywa mwaka 1999 chini ya sheria ya mawasiliano ya 1998, Telkom Kenya ilipewa miaka mitano ya kuwa mlango wa pekee wa simu za kimataifa. Kupitisha sauti katika intaneti kulihesabiwa kuwa ni kuukwepa mlango huo, na wenye mikahawa ya intaneti waliothubutu walifanya hivyo kwa kificho.

Ukiritimba huo ulikoma katikati ya mwaka 2004. Kufikia 2005 Tume ya Mawasiliano, CCK, ambayo sasa ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ilikuwa imeruhusu simu za intaneti. Mwaka uliofuata kampuni za rununu nazo zikaanza kujipatia milango yao ya kimataifa, na bei zikateremka.

Hata hivyo, ruhusa haikuisafisha sauti. Hadi mwaka 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti zilizo umbali wa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Sauti ilipanda na kushuka kwa takriban robo sekunde, na jibu likatumia robo nyingine kurudi. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, hupendekeza sauti isichelewe zaidi ya sehemu 150 kati ya 1,000 za sekunde kwa upande mmoja ili mazungumzo yasivurugike. Kwa setilaiti pekee kiwango hicho kilikuwa kimekwisha kupitwa. Waliozungumza katika saiba za wakati ule hukumbuka kukatizana: huyu anaanza, yule naye anaanza, kisha wote wawili wananyamaza wakingojeana huku dakika zikihesabiwa.

Mambo yalibadilika mwaka 2009, mikongo ya chini ya bahari ya SEACOM na TEAMS ilipofika Mombasa. EASSy ilifuata mwaka 2010. Tangu hapo, sauti ikikwama kati ya Diani na Hamburg, chanzo mara nyingi hakiko baharini bali karibu na mzungumzaji: mnara wa simu uliolemewa, mtandao wa hoteli unaogawanywa na watu wengi, au rununu kuukuu.

Njia zilizopo

Njia inayojulikana zaidi ni ya programu kwa programu. WhatsApp, iliyoanza kupitisha sauti mwaka 2015, Viber, Telegram na imo zote zimo katika kundi hili. Hakuna malipo ya dakika, ila kila upande sharti uwe na programu ile ile, simu iliyochajiwa, na data.

Njia ya pili huanzia kwenye programu au tovuti na kuishia kwenye nambari ya kawaida ya simu. Viber Out na Rebtel ni miongoni mwa huduma hizo, na walio Marekani wana Google Voice. Anayepiga hununua salio au hulipia mwezi mzima, naye anayepokea hahitaji chochote zaidi ya simu inayolia.

Ya tatu ni ya kadi. Mpigaji hupiga nambari ya humo humo nchini aliko, kisha mwenye huduma akaisafirisha sauti kwa intaneti hadi Kenya. Imepitwa na wakati machoni pa vijana, lakini bado humfaa asiye na data ya kutegemewa. Kasoro yake ni sifa mbaya. Mwaka 2008 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilizifikisha mahakamani kampuni zilizodaiwa kuuza kadi zisizotoa dakika zilizotangazwa.

Nayo njia ya kawaida, ya kupiga moja kwa moja kupitia Safaricom, Airtel au Telkom, isidharauliwe. Kwa baadhi ya nchi kuna vifurushi maalumu vya simu za nje, na mtu anayepiga mara moja kwa mwezi huenda asihitaji kutafuta kingine.

Bure ya nani?

Neno 'bure' katika biashara ya simu halina maana ile ile iliyo katika kamusi. Nchini Kenya mtu anayepokea simu ya kawaida akiwa nyumbani halipi kitu. Nyanya aliye Kikoneni anaweza kuwa na kabambe isiyo hata na shilingi moja ya salio, na bado akazungumza na mjukuu aliye Zurich kwa saa nzima. Mjukuu huyo akihamia WhatsApp ili asilipie dakika, nyanya atahitaji simu ya kisasa, chaji na data. Gharama imepungua kwa aliye Uswisi, na sehemu yake ikaangukia aliye Kikoneni.

Simu ya sauti kwa programu hizi hutumia, kwa makadirio, kati ya nusu na moja ya megabaiti kwa kila dakika. Mazungumzo ya nusu saa basi yatakula kati ya megabaiti 15 na 30, kiasi kisichotisha. Video ni habari nyingine, kwani hula data hiyo mara kadhaa, na wengi huiwasha bila kuwaza kwa kuwa kitufe chake kiko jirani na kile cha sauti. Ikumbukwe pia kwamba bei ya data nchini imebeba ushuru wa asilimia 15, kiwango kilichowekwa mwaka 2023 baada ya kushushwa kutoka asilimia 20, pamoja na kodi ya thamani ya asilimia 16.

Kwa sababu hiyo, familia nyingi hufaa kuwa na njia mbili wala si moja: programu ya bure kwa mazungumzo marefu ya jioni, wakati pande zote zina mtandao, na salio dogo la huduma inayofikia nambari ya kawaida kwa siku ya dharura. Mwenye uwezo zaidi ndiye anayepaswa kuliweka salio hilo, na kwa kawaida ni yule aliye ng'ambo.

Ghuba ina sheria zake

Makosa ya gharama kubwa zaidi hutokea kwa wale wanaokwenda nchi za Ghuba. Binti huondoka Kwale akiwa amewahakikishia wazazi kwamba watazungumza kwa WhatsApp kila jioni, akafika Dubai na kukuta ujumbe wa maandishi na wa sauti iliyorekodiwa unapita, lakini simu haiunganiki. Nyumbani hofu huingia. Wapo wanaodhani amenyang'anywa simu, jambo ambalo kweli huwapata baadhi ya wafanyakazi wa majumbani, na wapo wanaodhani mabaya zaidi.

Ukweli ni kwamba Umoja wa Falme za Kiarabu huruhusu simu za intaneti kwa programu zilizoidhinishwa tu, na kwa miaka mingi simu za WhatsApp hazikuwa miongoni mwazo. Kampuni za simu za huko ndizo zinazouza huduma hiyo. Mwaka 2018, kwa mfano, Etisalat ilianza kuuza kifurushi cha programu za BOTIM na C'ME kwa dirham 50 kwa mwezi kwa simu moja. Kinaya ni kwamba mkongo wa TEAMS, uliosaidia kuifanya intaneti ya Kenya iwe nyepesi, unatoka Fujairah, katika nchi hiyo hiyo.

Saudi Arabia nayo ilitangaza Septemba 2017 kwamba inaondoa zuio kwa programu zinazotimiza masharti yake. Masharti ya nchi za Ghuba hayafanani, tena hubadilika, na linaloshika Riyadh si lazima lishike Doha au Muscat. Njia ya hakika ni kumwuliza Mkenya aliyeko huko wiki hiyo, katika mji ule ule, na kusakinisha programu inayofanya kazi katika simu zote mbili kabla ya siku ya safari. Kusakinisha baada ya mtu kuondoka ni taabu, hasa pale anayebaki nyumbani ni mzee asiyezoea mambo hayo.

Hapa pana ushauri mmoja unaozunguka vijiweni ambao ni wa hatari: kwamba msafiri atumie programu za kuficha mahali alipo, zijulikanazo kama VPN, ili avuke vizuizi. Sheria ya makosa ya mtandao ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inamtoza anayetumia mbinu hiyo kwa kutenda kosa au kulificha faini isiyopungua dirham 500,000, au kifungo, au vyote viwili. Mfanyakazi wa nyumbani aliye chini ya mwajiri hana haja ya kujitafutia kesi ya namna hiyo kwa ajili ya kuokoa bei ya maongezi.

Lililo muhimu kuliko programu yoyote ni miadi. Familia na msafiri wakubaliane siku na saa ya kuwasiliana, waandike nambari kwenye karatasi na wala si ndani ya simu pekee, na wakubaliane pia ni hatua gani zitachukuliwa miadi miwili ikipita kimya. Karatasi hiyo iwe na jina kamili la mwajiri, anwani yake, nambari ya wakala na ile ya ubalozi wa Kenya. Simu ikipotea au ikichukuliwa, karatasi itakuwa bado iko Msambweni.

Kuisoma bei

Baada ya hayo ndipo hesabu ya bei ianze. Chukua huduma mbili za kubuni. Ya kwanza inatoza Sh12 kwa dakika, lakini ina ada ya Sh20 kila simu inapopokewa, na huhesabu kila dakika iliyoguswa kuwa kamili. Ya pili inatoza Sh18 kwa dakika, haina ada, na huhesabu kwa sekunde. Simu ya dakika mbili na sekunde 10 itagharimu Sh56 kwa huduma ya kwanza na Sh39 kwa ya pili. Mazungumzo yakifika dakika 20, ya kwanza itakuwa Sh260 na ya pili Sh360. Mtu wa simu fupi nyingi na mtu wa simu ndefu chache hawapaswi kununua kitu kimoja, hata wakiwa majirani.

Kuna mtego mwingine katika orodha za bei. Nchi moja huwa na bei mbili, ya simu za mezani na ya rununu, na tofauti kati yake yaweza kuwa kubwa. Tangazo hutaja ile ya chini, ilhali kusini mwa Pwani karibu kila mtu hupokea kwa rununu. Vifurushi vinavyoitwa vya dakika zisizo na kikomo navyo mara nyingi huwa na kikomo, kilichoandikwa katika masharti ya chini kwa jina la matumizi ya haki.

Salio lenyewe huisha muda. Ni vyema kujua litadumu siku ngapi, kama hurejeshwa likipotea, na kama huduma hujilipia yenyewe kila mwezi kutoka kwenye kadi ya benki bila kuuliza tena. Anayemtumia mtu pesa ili amnunulie salio kwa kadi yake ajue kwamba akaunti ni ya mwenye kadi, na likitokea la kutokea hana risiti.

Hata jina kubwa si dhamana. Skype, iliyozinduliwa mwaka 2003 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2011, ndiyo iliyowafundisha watu wengi kupiga simu za ng'ambo kwa intaneti. Februari 28, 2025 ilitangazwa kwamba ingefungwa, na Mei 5 mwaka huo ikafungwa. Kati ya tangazo na kufungwa palikuwa na muda wa takriban miezi miwili. Salio la miezi sita si akiba ya busara katika biashara ya aina hii.

Simu isiyopokewa

Jambo lisilotajwa katika matangazo ni nambari itakayoonekana kwenye kioo cha mpokeaji. Huduma nyingine huonyesha nambari halisi ya mpigaji, nyingine huonyesha nambari ya nchi isiyohusika, na nyingine hazionyeshi chochote. Wakenya wamefunzwa na matapeli kutopokea wala kurudishia nambari wasizozijua, na ni funzo zuri: kuna walaghai ambao hulia mara moja na kukata ili mtu apige mwenyewe na kutozwa bei kubwa. Kwa hiyo mpigaji achague huduma inayomruhusu kuthibitisha na kuonyesha nambari yake, la sivyo atakuwa amelipia mlio tu. Tarakimu za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe mfupi wakati wa kusajili hazipaswi kupewa mtu yeyote, hata ajitambulishe kuwa mhudumu wa kampuni.

Kwa wakazi wa Vanga, Jasini na Lunga Lunga, jina la mtandao kwenye kioo lastahili kuangaliwa pia. Karibu na mpaka simu yaweza kushika mnara wa Tanzania, na data ikaanza kutozwa kama ya mtu aliye safarini. Kipengele cha data ya nje kikizimwa katika simu, tatizo hilo halipo.

Intaneti yenyewe hukatika. Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu karibu na pwani ya Afrika Kusini, na mataifa ya Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo, yakabaki na mtandao wa kusuasua kwa siku kadhaa. Telegram nayo ilivurugika nchini Novemba 2023, na tena Novemba 2024, wakati wa mtihani wa KCSE. Siku kama hizo, familia inayotegemea programu moja haina pa kushika. Tena programu za intaneti kwa kawaida hazifikishi simu za dharura: anayetaka 999 au 112 atumie laini ya kawaida.

Kujaribu kabla ya kuamini

Huduma yoyote ipimwe kwa kiasi kidogo kabisa kinachouzwa. Mpigaji aandike salio kabla ya simu na baada yake, apige kwa nambari ile ile atakayoitumia siku zote, kwa saa ile ile, kisha amwulize mpokeaji aliona nambari gani na kama sauti ilichelewa. Jaribio la saa nne asubuhi, wakati watu wako kazini, halisemi lolote kuhusu saa mbili usiku mitandao inapolemewa, sembuse usiku wa kuamkia Idd. Kama mpokeaji huishi bara kidogo, Kinango au Ndavaya kwa mfano, asiombwe kusogea barabarani ili jaribio lifaulu. Aombwe akae pale anapokaa kila siku.

Mwenye malalamiko dhidi ya kampuni iliyopewa leseni nchini anaweza kuyafikisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano baada ya kampuni yenyewe kushindwa kuyatatua. Programu ya kigeni isiyo na ofisi hapa humwachia mteja barua pepe na subira.

Na kwa wanaopanga miadi, saa mbili usiku ya Msambweni ni saa mbili usiku Riyadh, na saa tatu Dubai na Muscat. Ujerumani, Uswisi na Italia wakati huo huwa saa kumi na mbili jioni majira ya baridi, na saa moja majira ya joto. Saa za Ulaya hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, na katika wiki hizo mbili wengi hukosana simu bila yeyote kuwa na kosa.